Chakula cha Kujenga Mwili kwa Sungura na Mifugo Mingine

Mazungumzo haya yalisomwa redioni kwa ajili ya madarasa ya watu wazima. Yamepigwa chapa hapa ili wanafunzi wapate kuyasoma tena polepole, kila mtu kwa zamu yake. Kabla ya kuanza, kiongozi wa darasa aandike ubaoni maneno haya matano: PROTINI, MASHUDU, LUKINA, KISAMVU, KUVU.

Natumaini kila mtu amepata mahali pa kukaa, na wenye macho mazito wamekaa karibu na taa.

Leo nataka kusema nanyi juu ya sungura. Najua wengine watacheka. Sungura ni mnyama wa hadithi, na kwa wengi wetu kumfuga ni mchezo wa watoto. Lakini sungura hula majani, haombi malisho mapana, na nyama yake ni nyeupe na laini. Mtu mwenye ua mdogo, asiye na nafasi ya ng'ombe, aweza kufuga sungura. Na mengi nitakayoyasema leo yanafaa pia kwa mbuzi, ng'ombe, nguruwe na kuku, ingawa si sawasawa kwa wote. Tutaona tofauti zao tukifika.

Nianze na mama mmoja aliyenisimamisha sokoni. Sungura wake jike alizaa watoto saba. Siku ya nne wakabaki watano. Siku ya kumi wakabaki wawili. Akaniuliza, "Mwalimu, nimelogwa?"

Nikamwuliza, "Mama, unampa nini yule jike?"

"Majani, na pumba kidogo."

"Majani gani?"

"Nyasi za kando ya barabara. Sasa ni kiangazi, utapata nini tena?"

Mama yule hakulogwa. Jike wake hakuwa na maziwa, na hakuwa na maziwa kwa sababu chakula alichopewa hakikuwa na kitu cha kutengenezea maziwa.

Tazameni jinsi sungura anavyonyonyesha. Huwaingilia watoto wake mara moja tu kwa siku, kwa dakika chache, mara nyingi usiku au alfajiri. Ndiyo maana wafugaji wengi hawajapata kumwona akinyonyesha, wakadhani amewatupa. Hakuwatupa. Maziwa yake ni mazito. Ukiyalinganisha na maziwa ya ng'ombe, yana protini mara tatu au zaidi. Mtoto wa sungura huzaliwa uchi, macho yamefumba, lakini baada ya juma moja tu uzito wake huwa mara mbili. Mtoto wa binadamu huchukua miezi mitano hivi kufika hapo.

Sasa jiulize, hiyo protini yote inatoka wapi? Yatoka katika chakula cha mama. Ikiwa haimo katika chakula, mama huitoa katika nyama ya mwili wake mwenyewe, akakonda. Akiishiwa, maziwa hukauka, na watoto hufa mmoja mmoja kama walivyokufa wale.

PROTINI ni nini? Ni kile kilicho ndani ya chakula ambacho hujenga mwili: nyama, damu, manyoya, maziwa, mayai. Unga wa mahindi na muhogo hutia nguvu ya kufanya kazi. Nguvu hiyo ni kama kuni jikoni. Protini ni kama tofali. Kuni ni lazima, lakini huwezi kujenga nyumba kwa kuni za kupikia.

Wataalamu huipima kwa mia. Wakisema chakula kina protini asilimia 16, maana yake ni kwamba katika kilo 100 za chakula kikavu mna kilo 16 za protini. Sungura jike anayenyonyesha ahitaji asilimia 17 au 18. Sungura mdogo anayekua, asilimia 16 yamfaa. Dume mzima asiye na kazi nyingi, 12 au 13 zamtosha. Na nyasi zilizokauka wakati wa kiangazi? Mara nyingi hazifiki 7. Pumba za mahindi ni yapata 10. Basi changanya nyasi za 7 na pumba za 10 upendavyo, hutapata 17 hata ukichanganya usiku kucha.

Hapa nitie neno moja juu ya jambo ambalo huwachukiza watu. Sungura hutoa vinyesi vya namna mbili. Kimoja ni kikavu na cha mviringo, ndicho unachokiona chini ya kizimba. Kingine ni laini, nacho hukila chenyewe kikitoka tu. Usimpige wala usidhani ni mgonjwa. Katika utumbo wake mna viumbe vidogo mno wasioonekana kwa macho, ambao huyachachusha majani na kutengeneza protini na vitamini. Akila kile kinyesi laini anaokoa mali yake isipotee. Hii humsaidia, lakini haitoshi kwa jike mwenye watoto saba.

Kuna chakula cha sungura kinachouzwa madukani, kimekwisha kuchanganywa. Ni kizuri. Mwenye fedha anunue. Lakini wengi niliowaona wakiacha kufuga sungura hawakushindwa na ugonjwa, walishindwa na bei ya mfuko. Mfuko hula faida yote, na siku fedha zikikosekana sungura hurudishwa kwenye nyasi kavu ghafula. Kwa hiyo swali letu la leo ni hili: je, protini yaweza kupatikana shambani na kando ya ua? Jibu ni ndiyo. Ipo nyingi. Lakini ina mlinzi.

Nieleze neno hilo. Mmea hauna miguu ya kukimbia wala pembe za kupigana. Majani na mbegu zenye protini nyingi hutamaniwa na kila mdudu na kila mnyama. Basi mimea mingi imejiwekea ulinzi wake. Mmoja una sumu, mwingine una ukakasi unaofunga ulimi, mwingine una kitu kinachozuia tumbo lisifanye kazi. Kwa hiyo mtu akikusifia mmea kuwa una protini nyingi, usiishie kufurahi. Mwulize: je, hujilinda kwa nini, na ulinzi huo huondolewaje?

Wanawake walio hapa wanalijua jambo hili kupita mimi, kwa sababu ya KISAMVU.

Majani ya muhogo, yakikauka, yana protini asilimia 20 na zaidi. Wakati wa kung'oa mihogo tunayatupa shambani yakaoza. Ni hasara kubwa. Lakini kila mama ajua kwamba kisamvu hakiliwi kibichi. Hutwangwa kwanza, kisha huchemshwa sana. Kwa nini hutwangwa? Ndani ya jani mna vitu viwili vilivyotengwa, kila kimoja chumbani kwake. Jani likipondwa, vitu hivyo hukutana, na sumu iitwayo sianidi hutokea. Sumu hiyo ni nyepesi, huruka hewani. Basi kinu huifungulia mlango, na moto huifukuza. Mbuzi akila majani mabichi ya muhogo mchungu, anayatwanga kwa meno yake, na sumu inafunguka ndani ya tumbo. Aweza kufa kabla hujapata mtu wa kumwita.

Huna haja ya kuwatwangia sungura kisamvu. Fanya hivi. Chuma majani siku unayong'oa mihogo. Yakatekate vipande vidogo siku ile ile, maana kule kukatakata ndiko kunakofanya kazi ya kinu. Yatandaze mkekani, yasirundikane. Yageuze mara kwa mara. Yaache juani siku mbili au tatu, mpaka ukiyashika yavunjike mkononi. Usiku yaingize ndani yasipate umande. Kisha yatie katika gunia kavu. Yakikauka hivyo, sehemu kubwa ya sumu imekwenda. Hata hivyo usizidishe. Katika kila vikombe kumi vya chakula kikavu, kikombe kimoja kiwe cha majani ya muhogo. Na usianze kuyachuma ovyo kabla mihogo haijakomaa, kwani ukiuvua mmea majani yake, mizizi nayo hupungua, na sungura atakuwa amekula ugali wa watoto wako.

Sasa twende kwenye LUKINA, na hapa nina aibu kidogo.

Lukina ni mti ulioletwa kutoka Meksiko na nchi za jirani zake. Majani yake ni madogo madogo kama ya mkwaju, na maganda yake ni bapa, huning'inia kwa mashada. Huota upesi, na ukiukata huchipua tena. Majani yake yana protini asilimia 20 hadi 25. Mwaka mmoja nilisikia habari hizo, nikaona nimekwisha kutajirika. Nilikuwa na miti minane ya lukina katika mpaka wa shamba. Nikaacha kutafuta majani mengine. Asubuhi lukina, jioni lukina. Sungura walikula kwa furaha, nami nikajisifu mbele ya jirani.

Baada ya majuma machache nikaona manyoya chini ya kizimba. Kwanza nilidhani jike anajinyonyoa kwa ajili ya kutengeneza kiota, kama ilivyo desturi yao wakikaribia kuzaa. Lakini dume naye alikuwa amepata upara mgongoni. Jike mmoja akazaa watoto wawili tu, mwingine akapandishwa mara mbili asishike mimba. Bibi mmoja jirani akaja kutazama. Hakujua kusoma wakati ule, lakini alikuwa amefuga punda maisha yake yote. Akaniambia, "Mwanangu, punda wangu alifungwa kwenye mti huo, akabaki na mkia kama kamba. Ondoa."

Alisema kweli. Ulinzi wa lukina huitwa mimosini. Hunyonyoa manyoya ya sungura na singa za punda na farasi, hudhoofisha uzazi, na huzuia mnyama asikue. Niliondoa lukina, nikawapa majani ya viazi na nyasi, na manyoya yakarudi polepole.

Je, lukina ni mbaya? La. Mimi ndiye niliyeitumia vibaya. Kwa sungura, kipimo ni kile kile cha kisamvu: sehemu moja katika kumi, isizidi. Kuku wape nusu ya hapo, yaani moja katika ishirini. Kwao ina faida nyingine, kiini cha yai huwa cha manjano nzuri. Ng'ombe na mbuzi huweza kula zaidi, kwa sababu ya tumbo lao la kwanza, lile kubwa, ambamo chakula huchachuka kabla ya kucheuliwa. Wadudu wadogo walio humo huweza kuvunja sumu nyingi kabla hazijaingia katika damu.

Lakini hata wao si wote. Nchi ya Australia walipata taabu hii: ng'ombe wao walidhoofika kwa lukina, na huku mbuzi wa visiwa vya Hawaii wakiila bila kudhurika. Mtaalamu mmoja wa Australia, Raymond Jones, akawaza kwamba huenda tofauti haiko kwa mnyama, iko kwa vile viumbe vidogo vya tumboni. Mapema katika miaka ya 1980 maji ya tumbo la wanyama wa Hawaii yalipelekwa Australia na kutiwa katika matumbo ya mifugo ya huko, nayo ikaanza kuivumilia lukina. Kiumbe kile kidogo kilipopewa jina la kitaalamu, mwaka 1992, kikapewa jina la Jones. Nadhani bibi yule jirani yangu angependa kuisikia habari hiyo.

Lukina ina adui yake pia. Katika mwaka huo huo wa 1992 mdudu mdogo anayenyonya machipukizi yake aliingia Afrika Mashariki, na miti mingi ikapukutika. Kwa hiyo usipande lukina peke yake ukaitegemea.

Wenzetu wa Kenya, katika nyanda za juu za Embu chini ya Mlima Kenya, waligeukia mti mwingine, KALIANDRA. Una maua mekundu kama brashi, nyuki huyapenda. Katika miaka ya 1990 watafiti na wafugaji wa huko waliupima kwa ng'ombe wa maziwa. Waliona kwamba kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra zaweza kushika nafasi ya kilo 1 ya chakula cha dukani cha ng'ombe. Tena walihesabu kwamba ng'ombe mmoja akipewa kilo 6 kila siku, mfugaji ahitaji miti yapata 500. Msishtuke. Miti hiyo hupandwa kwa mstari, karibu karibu, kwenye mipaka na kwenye matuta ya kuzuia mmomonyoko, ikakatwa kimo cha mtu asihitaji ngazi. Haili nafasi ya mahindi.

Ulinzi wa kaliandra ni ukakasi, kama ule wa ndizi mbichi. Ukakasi huo hushika protini na kuibana. Basi kaliandra yataka kinyume cha kisamvu: wanyama huila zaidi ikiwa mbichi, imekatwa siku ile ile, kuliko ikinyauka. Sungura wapewe kidogo, pamoja na majani mengine.

Sasa nitaje mmea ambao ningekuambia uanze nao, kabla ya hiyo miti yote. Ni viazi vitamu. Majani yake, yale tunayoyaita matembele, na marando yake machanga, yana protini asilimia 15 hadi 20 yakikauka. Hayana sumu ya kuogopwa. Sungura huyapenda mno, nguruwe huyapenda, mbuzi atavunja ua kwa ajili yake. Ukikata marando, machipukizi mengine huja. Na viazi bado utavichimba, ingawa ukikata mno vitakuwa vidogo. Tenga kipande cha bustani, hata kiwe cha hatua kumi kwa tano, mahali yanapomwagwa maji ya kuogea, na hapo utapata majani mabichi hata wakati wa kiangazi. Jambo moja tu: usiwape yakiwa na umande. Yakate jioni, au yaache kivulini nusu siku yanyauke. Majani mabichi yaliyolowa huvimbisha tumbo la sungura, na sungura hawezi kutapika wala kubeua.

Mlonge nao ni mzuri. Majani yake makavu hufika asilimia 25. Yakaushe kivulini, si juani. Taabu yake ni kuyapukuchua, huchosha mikono.

Mbaazi mnazijua. Baada ya kuvuna maganda, kata matawi ya juu yenye majani, uwape sungura na mbuzi, nao watakuachia vijiti vya kuni. Na mbaazi zenyewe, mbegu, zina protini asilimia 20 hivi. Kwa kawaida ni chakula chetu au ni biashara, lakini mnakumbuka mwaka 2017, nchi ya India ilipozuia mbaazi nyingi zisiingie kwake, bei hapa Tanzania ikaanguka vibaya, na watu wakabaki na magunia ndani. Wakati kama ule, mbaazi zilizochemshwa au kukaangwa na kusagwa ni chakula kizuri cha kuku. Zipite motoni kwanza. Soya ni vivyo hivyo. Soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo lisivunje protini, na kuku atakula ashibe lakini asikue. Moto ndio ufunguo wake. Na maharage mabichi usimpe mnyama yeyote.

Tufike kwenye MASHUDU. Mashudu ni yale makapi yanayobaki mbegu zikikamuliwa mafuta. Mafuta yametoka, protini imebaki. Kwa wafugaji wengi wa bara, mashudu ya alizeti ndiyo yaliyo karibu, hasa penye mashine za kukamua kama Singida na Dodoma. Hayana sumu. Kasoro yake ni maganda: mashine nyingine hukamua mbegu pamoja na maganda yake, na mashudu hayo huwa na protini pungufu na makapi mengi. Kuku hayamfai sana, sungura hana neno nayo.

Haya, shikeni kalamu. Tuna pumba za mahindi zenye protini 10 katika mia. Tuna mashudu ya alizeti yenye protini 26 katika mia. Tunataka mchanganyiko wa 16. Tutatia kiasi gani cha kila kimoja?

Andika 16 katikati ya karatasi. Kushoto juu andika 10, ndizo pumba. Kushoto chini andika 26, ndiyo mashudu. Sasa toa kwa kupita katikati, kutoka pembe hadi pembe. Kutoka 10 hadi 16 ni 6: iandike kulia chini, upande wa mashudu. Kutoka 26 hadi 16 ni 10: iandike kulia juu, upande wa pumba. Basi, pumba kilo 10, mashudu kilo 6. Jumla kilo 16.

Tuhakikishe. Kilo 10 za pumba zina protini kilo 1. Kilo 6 za mashudu zina protini kilo 1 na nusu na zaidi kidogo, yaani 1.56. Jumla 2.56. Gawanya kwa 16, utapata 0.16, yaani 16 katika mia. Sawasawa kabisa. Hesabu hii yafaa kwa vyakula vyovyote viwili, mradi kimoja kiwe chini ya unachokitaka na kingine kiwe juu.

Mchanganyiko huo si chakula chote. Sungura apewe konzi moja au mbili kwa siku, na jike anayenyonyesha azidishiwe, kisha nyasi nzuri ziwepo mbele yake usiku na mchana. Nyasi hazijengi sana, lakini bila nyasi tumbo lake husimama. Na maji safi yawepo daima. Jike asiye na maji hana maziwa, hata umpe nini.

Mashudu ya pamba yafaa kwa ng'ombe wakubwa. Yana sumu yake, gosipoli, ambayo tumbo la kucheua laweza kuipunguza. Nguruwe, kuku, sungura na ndama wadogo wasipewe. Mashudu ya nyonyo na ya mbono asipewe mnyama yeyote, yapelekwe shambani yawe mbolea. Na kwa kuwa tumetaja sumu, ninyi wenye miparachichi uani, msiwape sungura wala mbuzi majani yake. Yanaua.

Mwisho ni KUVU, yaani ukungu unaoota katika chakula kilichopata unyevu. Mwaka 1960 huko Uingereza batamzinga zaidi ya laki moja walikufa katika miezi michache, na hakuna aliyejua sababu. Walipochunguza waliona wote wamekula mashudu ya karanga yaliyokuwa na kuvu. Hivyo ndivyo sumu ile ilivyojulikana, nasi kwa Kiswahili twaiita sumukuvu. Haionekani kwa macho, haina harufu, na moto wa jikoni hauimalizi. Watu pia huwaua: mwaka 2004 iliua watu 125 katika mashariki ya Kenya, na mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, wote kwa mahindi. Nasema haya kwa sababu tuna desturi ya kusema, "Mahindi haya yameoza, wape kuku." Kuku naye ana ini, na sumu hii huharibu ini. Karanga, mashudu, pumba na mahindi yenye kuvu yafukiwe. Gunia la chakula liwekwe juu ya mbao, lisiguse ardhi wala ukuta.

Ukitaka kubadili chakula cha sungura, usibadili kwa siku moja. Chukua juma zima. Siku ya kwanza tia kidogo cha kipya katika kingi cha zamani, na kila siku ongeza. Ukiona kinyesi kimelegea, rudi nyuma.

Mama yule wa sokoni alipanda marando nyuma ya choo cha kuogea, akanunua debe la mashudu pamoja na jirani yake wakagawana. Jike wake alizaa tena, watoto sita. Siku ya ishirini na moja watano walikuwa wametoka wenyewe katika sanduku, wakiguguna majani na mama yao. Mmoja alikufa siku ya pili. Mama hajui kwa nini, nami sijui.

Kazi ya juma hili. Kila mtu alete darasani jani moja ambalo mifugo yake hula, aandike jina lake, na aandike jinsi mmea huo unavyojilinda kama anajua. Wazee waulizwe. Kisha fanyeni hesabu hii: pumba zina 10 katika mia, mashudu yana 30 katika mia, tunataka 15. Tutatia kilo ngapi za kila kimoja ili tupate kilo 20? Tutasoma majibu juma lijalo, saa ile ile.